Sarafu za Kale za Fedha na Namna Tuzithaminivyo

Neno "fedha" katika lugha yetu lina maana mbili, na zote mbili twazitumia kila siku pasipo kufikiri. Maana ya kwanza ni yale madini meupe ambayo masonara hufanyia pete na vikuku. Maana ya pili ni mali ya kununulia vitu. Hapo zamani maana hizi mbili zilikuwa kitu kimoja, kwa kuwa kilichonunua vitu kilikuwa ni hayo madini yenyewe. Leo zimeachana kabisa. Mfukoni mwa mtu aendaye sokoni Katoro hamna hata chembe ya madini yale, walakini yeye husema, "Leo sina fedha," wala hakosei.

Si neno hilo peke yake. "Rupia" yatokana na neno la Kihindi cha kale lenye maana ya fedha iliyofuliwa. "Pesa" yatoka Bara Hindi, na "reale" yatoka kwa Wahispania na Wareno. "Hela" ni heller ya Wajerumani, iliyoanza kutumika katika nchi hii mwaka 1904, walipoacha kuigawa rupia katika pesa 64 wakaigawa katika hela 100. Ajabu zaidi ni neno "thumuni", ambalo wazee huiitia senti hamsini. Thumuni maana yake ni sehemu ya nane, lakini senti hamsini ni nusu ya shilingi. Basi, ni sehemu ya nane ya nini? Ni ya reale. Thumuni ya reale ilikuwa karibu na robo ya rupia, na rupia ilipobadilishwa kwa shilingi mbili, robo yake ikawa senti hamsini. Reale imekwisha kutoka mikononi mwetu, lakini mtoto wake bado aitwa kwa jina la baba.

Nimeanza na maneno kwa sababu nakusudia kuhakiki mambo mawili: kwanza sarafu zenyewe, kama vile mtu anavyohakiki maandishi, na pili namna sisi watu wa leo tunavyozipima thamani. Kwa maoni yangu kosa la pili hutoka katika kutoyajua ya kwanza.

Katoro ni mji wa biashara katika Mkoa wa Geita, kando ya njia iendayo Chato, nao waishi kwa dhahabu. Mazungumzo ya hapa ni karasha, mwalo, zebaki na gramu. Mahali kama hapa kitu chochote cha madini hupata mnunuzi, na sarafu za kale zimeingia katika soko hilo. Mtu akilima akakuta chungu, au mzee akifariki na kisanduku chake kikafunguliwa, rupia hutokea; na kabla ya jua kuchwa dalali amekwisha kupata habari.

Siku moja ya kiangazi alinijia nyumbani bibi mzee, amefunga kitu katika pindo la kanga yake. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi." Akaitikia, "Marahaba, mwalimu. Wewe wajua kusoma. Nisomee hii." Akafungua fundo, akaweka mezani rupia moja ya fedha, nyeusi kwa ukale. Akaniambia ya kuwa mtu mmoja sokoni ametaka kuinunua kwa uzito wake, kwa bei ndogo. Na mtu wa pili amemwambia asiiuze, maana ina thamani ya mamilioni, ila ni lazima kwanza itolewe hela ya kuipimia. Bibi alikuwa amekwisha kuuza mbuzi wawili akatoa hiyo hela. Tangu siku ile yule mpimaji hakuonekana tena.

Naliona ya kuwa hapo mezani pangu palikuwapo njia tatu za kuithamini sarafu. Mtu wa kwanza huithamini kwa uzito, wa pili kwa uvumi, na bibi peke yake, asiyejua herufi hata moja, ndiye aliyetaka isomwe.

Nianze na uzito. Sisemi kwamba mizani ni kitu kibaya. Mizani ya kupimia dhahabu, iliyo mezani pa kila mnunuzi wa Katoro, ndiyo shahidi wa kwanza wa sarafu ya kweli. Rupia ya Wajerumani, kama ile ya Bara Hindi iliyoigwa, ina gramu 11.66, na katika sehemu 12 za madini yake 11 ni fedha safi. Ikitundikwa kwa uzi ndani ya maji, uzito wake hupungua gramu 1.13 hivi, ikipungua sana kuliko hivyo, ni shaba au madini mengine mepesi yaliyopakwa rangi. Vilevile sumaku haiivuti. Hayo kila mtu aweza kuyajaribu pasipo kulipa mbuzi.

Lakini uzito hauwezi kusema zaidi ya hayo, na mara nyingine husema uongo kwa asiyejua. Mfano ni shilingi ya Afrika ya Mashariki, yenye simba na milima, iliyoanza kutolewa mwaka 1921. Watu huileta sokoni wakisema ni fedha tupu. Uzito wake ni gramu 7.78, lakini robo tu ndiyo fedha, yaani haifiki gramu mbili. Na zile zilizofuliwa tangu 1948 hazina fedha kabisa. Naye ayeyushaye rupia apate gramu kumi na kitu za fedha amefanya kama mtu achomaye kitabu ili apate majivu ya kusugulia sufuria. Majivu yafaa, lakini kitabu hakipo.

Njia ya pili ni uvumi, nayo ndiyo iliyoleta msiba mkubwa. Yasemwa ya kuwa Wajerumani walipokuwa wakikimbia vita vya 1914 hadi 1918 walizika mali, na ya kuwa kila rupia ionekanayo ni mkia wa hazina iliyo chini. Yasemwa tena ya kuwa rupia za mwaka fulani zina nguvu ya siri ndani yake, na matajiri wa ng'ambo huzitafuta kwa ajili hiyo. Kwa maneno hayo watu wamechimba chini ya miti na katika misingi ya maboma, wameuza ng'ombe, wamekosana na ndugu zao. Rupia haina kitu ndani yake ila fedha na shaba kidogo. Na kila mfua dhahabu wa Katoro aweza kuthibitisha hayo kwa moto na tindikali.

Walakini uvumi huo nauchukia kwa sababu nyingine pia. Huchukua mali ya babu zetu na kuwapa Wajerumani. Tufikiri kidogo. Kodi ya nyumba ilianza mwaka 1898, nayo ilikuwa rupia tatu kwa nyumba ya kawaida. Ili azipate, mtu alichukua mizigo, alilima shamba la mwingine, au aliuza mazao na ngozi. Zilizobaki baada ya kodi alizitia chunguni akazifukia, kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kuziweka. Vyungu vingi tunavyovikuta mashambani havikufichwa na maofisa waliokimbia. Vilifichwa na wakulima waliokaa. Asemaye "mali ya Mjerumani" amemnyang'anya babu yake jasho lake mara ya pili.

Sasa nije kwenye njia ya tatu, ambayo ni kusoma. Sarafu ni maandishi mafupi kuliko yote, nami huyahakiki kwa swali moja: sarafu hii yasema na nani?

Za kale kabisa katika pwani yetu zilisema na watu wake. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, ilipatikana akiba ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ndogo na nyembamba, pamoja na dinari chache za dhahabu za karne ya 10 na ya 11. Mark Horton na wenzake walizichunguza. Sarafu za fedha za aina hii, pamoja na zile za shaba za Kilwa, zina jina la mtawala upande mmoja na sifa ya Mwenyezi Mungu upande wa pili, na maneno ya pande hizo mbili huoana kwa kina. Mfuaji alijua ya kuwa atakayeigeuza sarafu mkononi atasoma ubeti mdogo. Hiyo ni kazi ya heshima, nami sijui sarafu ya baadaye iliyoishinda.

Reale ya Sham, ambayo wazee wa pwani waliitumia pamoja na reale ya mzinga ya Wahispania, ni kazi nzuri ya mkono, lakini haikusema nasi. Ina sura ya Maria Theresa, malkia wa Austria, na maandishi ya Kilatini yaliyokatwa katwa. Uzito wake ni gramu 28.07, na katika sehemu sita tano ni fedha. Hapa pana mtego kwa mnunuzi. Mwaka ulioandikwa ni 1780, ndio aliofariki malkia huyo, nao haukubadilishwa tena. Wakati sarafu hizo ziliendelea kufuliwa Vienna, Rumi, London, Bombay na kwingineko hata karne ya 20. Basi mtu akikuambia, "Hii ina miaka zaidi ya mia mbili, soma mwaka wake," yawezekana ilifuliwa wakati wa baba yake. Mwaka ulio juu ya sarafu ni neno la kusomwa kwa akili kama maneno mengine.

Seyyid Barghash wa Unguja alifanya sarafu zake zenye mwaka 1299 wa Hijra, yaani 1882 hivi. Pesa zake za shaba zina mizani, alama ifaayo sana kwa kitu cha sokoni, na maandishi ya Kiarabu ambayo wengi wa watu wake waliweza kuyasoma. Reale yake ya fedha ni adimu sana. Lakini pesa zake zaonekana mara nyingi, na huuzwa kwa wasiojua kana kwamba ni adimu kama reale.

Kisha ikaja Kampuni ya Wajerumani ya Afrika ya Mashariki, na hapa mhakiki apata jambo la kuliangalia vizuri. Mwaka 1890 Kampuni ilitoa pesa za shaba na rupia za fedha. Pesa ya shaba, iliyokuwa ya maskini na ya sokoni, ina tai na Kijerumani upande mmoja; na upande wa pili ina Kiarabu, pamoja na mwaka wa Hijra, 1307. Rupia ya fedha ina sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya chuma yenye tai, na jina lake kwa Kilatini. Nyuma ina simba na mnazi katika ngao ya Kampuni, na Kijerumani. Haina neno hata moja ambalo mtu wa nchi angeweza kulisoma. Nani asiyeiona maana yake? Kwa shaba walihitaji kuaminiwa sokoni, kwa hiyo waliandika kwa herufi za watu. Kwa fedha walidai kodi, kwa hiyo waliandika kwa herufi zao wenyewe. Kwa ustadi wa mkono rupia ni bora kuliko pesa. Masharubu na manyoya ya tai yamechongwa kwa uzuri usio na kasoro. Kwa adabu ya kusema na msomaji, pesa yaishinda rupia.

Tangu 1904 serikali ya Wajerumani ilizitoa rupia kwa jina la nchi, si la Kampuni, na ikatia herufi ndogo: A kwa zilizofuliwa Berlin, na J kwa zilizofuliwa Hamburg. Herufi hiyo, ambayo watu huidhania kuwa kovu, ni sehemu ya thamani yake, kwa maana mwaka mmoja waweza kuwa na sarafu nyingi za mji mmoja na chache za mji mwingine. Rupia mbili, kipande kimoja kikubwa cha 1893 na 1894, zilifuliwa chache, nazo watunzaji huzitafuta sana.

Mwisho wa habari hiyo ulikuwa karibu nasi. Wajerumani walipozungukwa vitani na kukosa sarafu kutoka kwao, walifua wenyewe katika karakana ya reli huko Tabora mwaka 1916: hela ishirini za shaba na za shaba nyeupe na nyekundu, na kipande cha rupia 15 cha dhahabu iliyotoka Sekenke, chenye tembo mbele ya mlima. Vya dhahabu vilikuwa 16,198 tu. Ndiyo maana vya uongo ni vingi, na sisi wa nchi ya dhahabu tusishangae, kwa kuwa dhahabu ya kuvifulia vya uongo haiko mbali.

Jambo moja nalikiri hapa kwa aibu. Nilipokuwa kijana nalipewa na mjomba wangu rupia moja ya Kampuni. Kwa kupenda ing'ae nikaisugua kwa majivu na ndimu jioni nzima, mpaka ikawa nyeupe kama meno. Asubuhi nikaona manyoya ya tai yamefutika, na mwaka hausomeki ila tarakimu mbili. Ule weusi nilioudhania kuwa uchafu ulikuwa ni ngozi yake. Miaka mingi baadaye naliambiwa na mtunzaji wa sarafu kwamba wao hulipa zaidi kwa iliyo nyeusi na nzima kuliko kwa iliyosuguliwa. Basi nalikuwa nimeharibu maandishi na bei kwa mkono mmoja.

Hapa nawasikia wengine wakisema, "Mwalimu, haya ni mambo ya walioshiba. Maskini hali maandishi." Ni neno zito, wala sitaki kulipuuza. Lakini tuangalie nani hudanganywa sokoni. Asiyesoma huuza kipande cha 1893 kwa bei ya uzito, kisha hununua shilingi ya 1925 kwa bei ya fedha tupu. Asiyesoma hulipa hela ya kupimia. Anayejua mwaka, herufi, uzito na hali ya sarafu yake aweza kuiuza kwa haki au kuiweka kwa hiari. Kwa hiyo kusoma sarafu si anasa ya tajiri, bali ni ngao ya maskini.

Tena iko thamani isiyouzika, nayo ni mahali. Sarafu za Mtambwe zilisema mengi kwa sababu zilipatikana pamoja, na mahali pake pakajulikana. Kama zingalitawanywa moja moja kwa madalali, leo zingekuwa vipande vidogo vya fedha visivyo na kwao. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inavilinda vitu vilivyofanywa na watu katika nchi kabla ya 1863, na inakataza kuchimbua mahali pa kale pasipo kibali. Rupia za 1890 na baadaye hazimo katika hesabu hiyo ya miaka. Zimeachwa katika mikono yetu, na mikono yetu ndiyo mlinzi wake peke yake.

Nirudi kwa bibi. Nalimsomea rupia yake: Deutsch Ostafrika, 1905, na herufi J. Ikanibidi kumwambia ya kuwa si adimu, na hakuna mamilioni ndani yake, na mbuzi wake hawatarudi. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Babu yangu alipata nne. Alichukua mizigo mpaka Mwanza. Tatu alizitoa kodi. Hii ndiyo ya nne. Alisema isitumike, ili tujue kwamba alibakiwa na kitu." Nikamwuliza jina la babu, na kijiji, na mwezi wa safari kama ukumbukwavyo. Nikayaandika yote katika daftari, nikampa karatasi yenye sura ya sarafu iliyochapwa kwa kalamu ya risasi, nikairudisha rupia katika pindo la kanga. Hakuiuza.

Yafaa sisi walimu na makasisi tulioko vijijini tufanye hivyo kila tuonyeshwapo sarafu ya kale. Tusiisugue. Tuweke karatasi juu yake tupitishe kalamu ya risasi ili maandishi yatoke. Tuandike mwaka na herufi, uzito wake, ilipatikana wapi na pamoja na nini, na aliyekuwa nayo alipewa na nani. Dakika kumi zatosha. Na mwenye sarafu akiuliza bei, tumwambie kweli hata kama ni ndogo, kwa maana waliomwambia kubwa ndio waliomla mbuzi wake.

Mwaka 1966 nchi yetu ilianza kutoa shilingi zake yenyewe, zenye maneno ya Kiswahili. Hazina fedha ndani yake hata kidogo, na mizani ya Katoro haitazijali. Lakini kwa swali langu, sarafu hii yasema na nani, zina jibu ambalo rupia ya Kaisari haikuwa nalo.